Mbwa anajikuna msimu wa baridi: tafuta chanzo kabla ya kununua dawa

Ikifika Juni, mlima Meru ukajifunika mawingu na watu wa Moshi wakaanza kusahau kilele cha Kibo kinafananaje, kwenye duka la dawa za mifugo tunaanza kusikia ombi moja kutwa nzima: "Naomba dawa ya mbwa, baridi imemharibu ngozi." Ukiuliza anajikuna wapi, mteja anakutazama kama umemuuliza jina la baba yake mzazi. Anajikuna tu. Kote.

Niseme mapema ninachoamini baada ya kusimama kaunta misimu mingi: huku kwetu baridi peke yake ni nadra kumfanya mbwa ajikune mpaka atoke damu. Nchi za theluji mambo ni mengine. Kule mbwa hukaa ndani miezi mizima kwenye hewa iliyokaushwa na mitambo ya joto, ngozi ikapoteza unyevu kweli. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, Moshi iko chini zaidi, na usiku wa Julai unaotuvalisha makoti na kofia za sufu bado ni joto la kawaida kwa mnyama mwenye manyoya. Baridi yetu inabadilisha mazoea ya nyumba. Mbwa anaongezewa magunia mawili bandani na hayafuliwi mpaka Septemba. Analala stoo pamoja na kuku. Anaogeshwa saa moja asubuhi, jua halitoki, anashinda na unyevu. Chakula kinapungua nyama kinaongezeka ugali. Halafu upepo wa vumbi wa Agosti unakuta ngozi iliyochoka tayari.

Kwa hiyo usianze na mafuta ya kupaka. Anza na kumtazama.

Ukaguzi wa kwanza, bila kutoa hela

Mtoe mbwa nje penye mwanga, siyo chini ya taa ya kibarazani. Pitisha mikono dhidi ya mwelekeo wa manyoya, kuanzia mkiani kwenda shingoni, kisha mgeuze uone tumbo, makwapa na kinena. Fungua vidole vya miguu. Kunja masikio. Unatafuta mambo matatu: mahali hasa anapojikuna, kama ngozi ni kavu au ina mafuta, na kama kuna kitu kinachotembea.

Kisha uliza watu wa nyumbani, hasa kijana au mlinzi anayemhudumia, maana mwenye mbwa mara nyingi hajui aliogeshwa na nini. Muulize bila ukali ili asifiche. Je, kuna mtu mwingine nyumbani anayewashwa? Paka je? Mbuzi? Majibu haya yana thamani kuliko chupa yoyote niliyo nayo rafuni.

Anajing'ata mgongoni karibu na mkia, na nyuma ya mapaja

Hili ndilo lalamiko namba moja, na jibu lake namba moja ni viroboto. "Lakini sijaona hata mmoja, kaka." Huwezi kuwaona wote. Wengi hawako juu ya mbwa. Mayai hudondoka anapolala, viluwiluwi hujificha kwenye nyufa na kwenye gunia, na walio ndani ya vifukofuko hukaa kimya hata miezi wakisubiri joto na mtikisiko wa mnyama anayepita. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 40 kwa siku. Baridi ya hapa hupunguza mwendo wao tu, haiwaui. Na ukimhamishia mbwa kwenye stoo yenye joto, umewahamisha na wao.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua karatasi ya chooni nyeupe, ilowanishe kidogo, itandike sakafuni. Chana manyoya ya juu ya mkia kwa chanuo la meno ya karibu na ukung'utie uchafu juu ya karatasi. Subiri dakika moja. Punje nyeusi zikianza kuchuja rangi ya kahawia-nyekundu inayosambaa pembeni, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya mbwa wako iliyokwisha kumeng'enywa. Zikibaki nyeusi vilevile, ni udongo.

Mbwa wengine wana mzio wa mate ya kiroboto. Kwao, kuumwa mara chache tu kunatosha kuwasha mwasho wa wiki nzima, manyoya ya kiunoni yakaisha na ngozi ikawa nyekundu. Ndiyo maana nyumba yenye viroboto wachache inaweza kuwa na mbwa aliyeharibika kuliko ya jirani yenye viroboto tele.

Cha kufanya: tibu wanyama wote wa nyumba siku moja, na tibu mahali wanapolala. Magunia ya zamani choma. Mablanketi fua kwa maji ya moto, anika juani likitokea. Fagia banda mpaka kwenye pembe, ziba nyufa. Kama unapulizia dawa bandani, mbwa na paka wakae mbali mpaka ikauke kabisa. Rudia baada ya wiki mbili au tatu, kwa sababu walio kwenye vifukofuko hawafi kwa raundi ya kwanza, kisha endelea na dawa ya mbwa mwenyewe kwa miezi mitatu hivi. Watu wengi hutibu mara moja, wanaona nafuu ya wiki moja, viroboto wapya wanaibuka, wanarudi dukani kunilaumu kwamba dawa ni feki.

Kwa mbwa mwenyewe, vidonge vya kutafuna vinavyoua viroboto na kupe vimerahisisha kazi sana, ila hutolewa kwa uzito, na mbwa mwenye historia ya kifafa asipewe kabla ya kuongea na daktari wa mifugo. Dawa za tone shingoni nazo ni nzuri. Angalizo moja la kufa na kupona: dawa ya mbwa yenye permethrini usimpake paka, wala usimwache paka alale na mbwa aliyepakwa muda huohuo. Paka hutetemeka mpaka kufa.

Kama huoni kinyesi cha kiroboto, angalia kupe katikati ya vidole, ndani ya masikio na chini ya ukosi. Kupe huwasha kidogo kuliko kiroboto lakini huleta ugonjwa wa damu. Mbwa mwenye kupe, homa, fizi zilizopauka au damu puani si wa kutibiwa nyumbani.

Na kuna wale wa kuku. Ukiona vijidudu vyeusi vimejibana kama mbegu za mchicha kwenye ukingo wa sikio au kuzunguka macho, wala haviruki, hao ni viroboto wa kuku, na mbwa amewapata bandani kwao. Usiwakwangue kwa kucha, utaacha vidonda. Wapake vazilini nene kwenye sikio, siyo machoni, kisha watoe taratibu kwa kibanio, na kazi kubwa iende kwenye banda la kuku: toa matandiko yote, choma, na mbwa asilale tena humo.

Mba mweupe mgongoni, manyoya yamepauka, hajikuni sana

Hapa ndipo ukavu wa kweli unapopatikana, na mkosaji wa kwanza ni sabuni. Sabuni ya kipande ya kufulia ina magadi makali, huondoa mafuta yote ya ngozi, na kwenye maji baridi haisuuziki vizuri. Ya unga ni mbaya zaidi. Halafu kuna ile dawa ya maji ya kuua vijidudu inayogeuka nyeupe kama maziwa ikiingia kwenye ndoo. Harufu yake inampa mwenye mbwa amani, lakini inaunguza ngozi, na mbwa anapojilamba anaimeza.

Acha kumwogesha kwa wiki tatu nzima. Ngozi ya mbwa inahitaji kama wiki hizo tatu kujijenga upya. Wakati huo mswaki tu, kila siku au kila baada ya siku moja, ili mafuta yake mwenyewe yasambae na magamba yaliyokufa yatoke. Ukirudi kumwogesha, tumia shampuu ya mbwa, maji ya vuguvugu, mchana kati ya saa sita na saa nane, suuza mara mbili ya unavyodhani inatosha, kausha kwa taulo mpaka uguse ngozi uone imekauka. Mara moja kwa mwezi inatosha kwa mbwa asiye na ugonjwa. Kwa mwasho mwepesi, saga oti ziwe unga laini, koroga kwenye maji ya vuguvugu mpaka yawe kama maziwa mepesi, mmwagie taratibu, yakae dakika kumi, suuza. Uji wenye sukari na maziwa siyo dawa, kuna mtu alijaribu.

Mkosaji wa pili ni sahani. Mbwa anayekula ugali wa dona na mchuzi wa jana, dagaa wachache juu, anashiba lakini manyoya yanakosa mafuta. Ongeza kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti kwa kila kilo 10 za uzito, kwa siku, juu ya chakula. Anza na nusu ya hapo, maana tumbo likishtuka ataharisha sakafu nzima. Yai lililochemshwa mara mbili au tatu kwa wiki ni jema. Dagaa ni wazuri zaidi ya watu wanavyodhani, ila waoshwe mchanga. Utumbo na maini viive kabisa, kwa sababu matumbo mabichi ya mbuzi na kondoo humpa mbwa minyoo inayoweza kumpa binadamu mavimbe ya maini. Usitarajie mabadiliko kabla ya wiki nne, na kwa wengine ni nane.

Mbwa mdogo anayekua haraka kwa chakula cha nafaka tupu, pumba nyingi na mifupa ya kusaga anaweza kukosa zinki, kwa sababu nafaka na kalisi nyingi huizuia isifyonzwe. Utaona ukoko mgumu kuzunguka macho na mdomo, na nyayo zinapasuka. Badilisha chakula na mpeleke apimwe. Vidonge vya zinki vya watoto wanaoharisha usimpe kwa kukadiria, ikizidi ni sumu.

Kuhusu parachichi, kwa kuwa huku yanaanguka barabarani bure: nyama kidogo haitamdhuru mbwa mzima, lakini kokwa likikwama tumboni ni upasuaji. Kumpaka parachichi mgongoni kunawafurahisha siafu tu.

Mambo yaliyobaki hapa ni machache: minyoo ya tumbo, hasa kwa watoto, na mbwa mzee aliyenenepa, mvivu, anayetafuta jua muda wote na manyoya yake yamepungua pande zote mbili za mwili kwa ulinganifu. Huyo wa mwisho anaweza kuwa na tatizo la tezi shingoni. Kipimo chake ni cha damu, siyo cha kaunta.

Anajikuna mchana na usiku, na ukingo wa masikio una ukoko

Huu ni upele, ule wa wadudu wasioonekana kwa macho wanaochimba ngozi. Hupenda sehemu zenye manyoya machache: ukingo wa sikio, viwiko, visigino vya nyuma, tumboni. Mbwa huacha kula ili ajikune. Huzidi msimu wa baridi kwa sababu mbwa hulala wakigusana, na mbwa koko wanaokuja kwenye jalala wanaingia getini kutafuta joto.

Jaribu hivi: shika ncha ya sikio, isugue yenyewe kwa yenyewe kwa kidole gumba na cha shahada. Mguu wa nyuma wa upande huo ukianza kupiga hewani wenyewe, shaka ya upele inakuwa kubwa. Haitoshi kuwa uthibitisho, lakini inatosha kumtenga mbwa na wenzake leo hii.

Angalia mikono na matumbo ya watoto. Upele wa mbwa humwasha binadamu, vipele vidogo vyekundu pale mbwa anapoegemea. Kwa mtu kwa kawaida hupoa wenyewe mbwa akitibiwa, ila mwenye vipele aende zahanati asipakwe dawa ya mbwa.

Hapa ndipo makosa makubwa hutokea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Oili chafu ya gari. Bado inapakwa, mjini na vijijini, na kila mtu ana mjomba ambaye mbwa wake alipona. Ile oili ina masalia ya metali na kemikali za injini, inapita kwenye ngozi na inalambwa. Mafuta ya taa huunguza. Majivu ni makali kama magadi, yanakausha ngozi iliyokwisha kukauka.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nyingine kati ya hizi zina amitrazi, ambayo madaktari huitumia kwa upele wa mbwa, lakini kwa kipimo cha mbwa na kwa uangalizi. "Kizibo kimoja kwenye ndoo" siyo kipimo, maana hakuna chupa mbili zenye nguvu sawa. Mbwa akizidishiwa analegea, anatapika, mapigo ya moyo yanashuka, mwili unapoa, na ukimwogesha hivyo jioni ya Julai unaongeza baridi juu ya sumu. Zile nyingine za kundi la oganofosfeti humfanya atoe udenda, atetemeke, mboni za macho ziwe ndogo kama tundu la sindano. Ukiona lolote kati ya hayo, mwoshe kwa maji mengi ya vuguvugu, mfunike, beba chupa yenyewe, nenda kwa daktari sasa hivi. Usimtapishe. Usimpe maziwa.

Sindano ya ng'ombe ya ivamektini. Ni dawa halisi, lakini chupa ile imetengenezwa kwa mnyama wa kilo mia kadhaa. Kosa dogo la bomba la sindano linakuwa kosa kubwa kwa mbwa wa kilo 12. Na mbwa wa damu ya koli, wale wa kuchunga kondoo, pamoja na baadhi ya jemani shepadi, wana urithi unaoifanya dawa hii iingie kwenye ubongo. Huwezi kumjua kwa kumtazama.

Upele wa namna hii unatibika vizuri. Baadhi ya vile vidonge vya kutafuna nilivyotaja vinaua hata hawa wadudu. Daktari atakwangua ngozi kidogo, aangalie kwenye hadubini, akupe dozi ya mbwa wote wa nyumbani. Mkwaruzo mmoja usipoonyesha kitu haimaanishi hakuna. Wadudu hawa hujificha vizuri, na daktari mzuri anaweza kutibu kwa dalili.

Mabaka yasiyo na manyoya

Baka la duara, limepauka katikati, ukingo una magamba, mwasho kidogo: fikiria mapunye. Yanaambukiza watoto, paka na ndama. Vaa glavu, mtenge, fua matandiko. Usipake krimu ya mchanganyiko yenye steroidi. Inaficha wekundu huku kuvu wakisambaa chini.

Baka kuzunguka macho au mguu wa mbele wa mbwa wa chini ya mwaka mmoja, wala hawashwi: mara nyingi ni wadudu wa vinyweleo ambao kila mbwa anao, ila kinga yake changa imewaachia. Mabaka machache huisha yenyewe kwa lishe nzuri na dawa ya minyoo. Yakiongezeka, yakivimba au yakitoa usaha, nenda. Na kwa ugonjwa huu hasa, predinisoloni (vidonge vya steroidi) ya duka la dawa baridi ni kumwaga petroli kwenye moto. Mwasho unakata siku mbili, kinga inashuka, mwezi unaofuata mbwa mzima amebaki ngozi.

Anajilamba miguu muda wote

Kwanza vidole. Toa jiwe, mwiba, tope la saruji kama kuna ujenzi, na lori la mchanga likimwaga jirani basi umepata jibu. Osha kwa maji safi, kausha katikati ya vidole.

Pili, na hili watu wa mjini hulisahau, funza. Msimu mkavu wenye vumbi ndio wao, hasa kwenye vibanda vya udongo na chini ya migomba huko Kibosho, Machame na Marangu. Utaona uvimbe mdogo mweupe wenye kitone cheusi katikati, kwenye nyayo au pembeni ya kucha. Mmoja au wawili wanaweza kutolewa na mtu mwenye mkono mtulivu, kwa sindano iliyochemshwa, kisha kidonda kioshwe. Wakiwa wengi usijaribu. Mbwa atauma, na vidonda vilivyochokonolewa ovyo huoza. Banda la vumbi limwagiwe maji na kufagiwa mara kwa mara, au lisakafiwe. Mbwa mwenye funza ni onyo pia kwa watoto wanaocheza peku hapohapo.

Tatu, mzio. Ukiwa umetoa viroboto, upele, funza na uchafu, na bado anajilamba mpaka manyoya meupe ya miguu yamekuwa rangi ya kutu, anaweza kuwa na mzio wa vumbi, chavua au chakula. Mzio wa chakula hupimwa kwa kumlisha nyama ya aina moja asiyowahi kuila na wanga mmoja, kwa wiki nane, bila kipande cha chapati kutoka kwa mtu yeyote. Ugumu uko hapo, kwa watoto na chapati. Panga na daktari kabla ya kuanza.

Ananuka, ngozi ina mafuta na imekuwa nyeusi

Hii si ngozi kavu, hata kama kuna mba. Ni kuvu au bakteria waliopata nafasi baada ya tatizo jingine, mara nyingi mbwa wa manyoya mengi anayeogeshwa na kuachwa mbichi wiki ya mawingu. Harufu yake ni kama soksi zilizosahaulika. Angalia makwapa, mikunjo ya shingo na masikio. Shampuu yenye klorheksidini, ikae juu ya ngozi dakika kumi kwa saa kabla ya kusuuza, mara mbili kwa wiki, husaidia sana. Mafuta ya nazi hapa usipake, unawalisha. Kama kuna vipele vya usaha, au kichwa kimeinama upande mmoja na sikio linatoa maji, usimwage kitu chochote sikioni. Ngoma ya sikio ikiwa imetoboka, dawa isiyo yake inaweza kumfanya kiziwi.

Viwiko vigumu vya kijivu

Analala kwenye sakafu ya saruji. Mpe godoro kuukuu au kreti ya mbao lenye blanketi linalofulika. Pumba za mpunga zina vumbi linalowasha, maranda makavu yana nafuu kidogo. Pakikauka sana, mafuta kidogo ya nazi yanatosha. Pakipasuka au kuvimba maji, daktari.

Pale unapotakiwa kuacha kila kitu

Kuna mwasho mmoja ambao siyo wa ngozi. Mbwa anayeng'ata sehemu moja ya mwili kwa ukali, hasa penye kovu la zamani la kuumwa, huku tabia imebadilika: mkali ghafla au mpole kupita kiasi, sauti imebadilika, anatoa udenda, hamezi, anatembea ovyo. Hicho kinaweza kuwa kichaa cha mbwa. Usimshike, usimkague mdomoni ukidhani amekwamwa na mfupa. Mfungie kama unaweza bila kumgusa, waite maofisa mifugo. Aliyeumwa, aliyekwaruzwa au aliyelambwa kwenye kidonda aoshe mahali hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, aende hospitali saa hiyohiyo bila kungoja kuona kama mbwa atakufa. Mbwa asiyechanjwa ndani ya mwaka huu, usimkague ngozi bila glavu.

Mengine ya kwenda kwa daktari siku hiyohiyo: uso uliovimba ghafla, jeraha lenye funza wa nzi, usaha unaonuka, homa, mbwa anayekataa chakula siku nzima kwa sababu ya kujikuna, mtoto wa mbwa mwenye fizi nyeupe aliyejaa viroboto, na chochote kilichotokea ndani ya saa chache baada ya kumpaka au kumwogesha dawa. Yasiyo ya haraka lakini yasiyongoja mwezi: mwasho uliodumu wiki mbili licha ya kutibu viroboto vizuri. Dawa za maumivu za binadamu, ziwe diklofenaki, ibuprofeni au paracetamoli, usimpe ukisubiri zamu. Vitunguu saumu vya kufukuza kupe navyo viache jikoni, vinaharibu damu ya mbwa.

Ukiamua kwenda, usimwogeshe siku mbili au tatu kabla. Najua ni aibu kumpeleka mbwa mchafu kliniki, lakini ukimsafisha umefuta ushahidi wote ambao daktari angeuona kwenye hadubini. Beba chupa za kila ulichompaka, hata ile isiyo na lebo, na kama ilikuwa oili chafu, sema oili chafu. Wameshaiona.